Valvu Inayoweza Kukua

Vitabu vya maisha ya madaktari wa upasuaji vina tabia moja: vinakwenda mbele tu. Mtoto anazaliwa kwenye mji mdogo, anasoma kwa bidii, anapata nafasi Ulaya, anashika kisu, anafanya jambo ambalo watu walisema haliwezekani, anapewa nishani. Sura ya mwisho ni ya makofi. Nilipoanza kusoma A Surgeon and a Maverick, kitabu cha Simon Pearson na Fiona Gorman kuhusu Magdi Yacoub kilichotoka mwaka 2023, nilidhani safari nzima naijua. Yacoub ni mmoja wa wapandikizaji wa moyo mashuhuri kuliko wote waliowahi kuishi. Ningesoma, ningeandika mapitio ya kurasa mbili, basi.

Haikuwa hivyo. Baada ya kitabu nikaanza kufuatilia tafiti zake, na hapo nikamwona mtu anayetembea kinyumenyume. Alianza mwisho kabisa wa ugonjwa, pale ambapo moyo umeshakufa na dawa pekee ni kutafuta moyo mwingine. Kisha, mwaka hadi mwaka, akawa anarudi: kutoka moyo mzima hadi valvu moja, kutoka valvu hadi seli, kutoka chumba cha upasuaji cha Uingereza hadi kwenye vijiji vya Msumbiji ambako watu hawajui kama wanaumwa. Nadhani humo ndimo ulimo ukubwa wake, kuliko kwenye mioyo aliyoipandikiza. Na nina sababu ya nyumbani ya kufikiri hivyo. Nitaifikia.

Kwanza mtu mwenyewe. Magdi Yacoub alizaliwa Novemba 1935 huko Bilbeis, mji ulio kwenye delta ya Nile, katika familia ya Wakristo wa Kikopti. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, mtumishi wa serikali aliyehamishwa hamishwa na familia yake. Magdi akiwa bado mtoto mdogo, shangazi yake, binti wa miaka ishirini na kitu, alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Valvu yake ilikuwa imesinyaa, damu haipiti. Yacoub amesimulia mara nyingi kwamba kifo kile ndicho kilichomfanya aseme atakuwa daktari wa moyo, na kwamba baba yake hakuamini kama ataweza.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Uingereza, mwaka 1968 akaenda Chicago kufundisha, na mwaka 1969 akarudi Uingereza kufanya kazi Harefield, hospitali ya pembezoni mwa London iliyowahi kuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Siyo mahali ambapo mtu mwenye tamaa ya ukubwa angechagua. Lakini ni pale, mwaka 1980, alipoanzisha mpango wa kupandikiza moyo, na Harefield ikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya kazi hiyo duniani.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu ulifanyika Afrika, mjini Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, kwa mikono ya Christiaan Barnard. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Mwaka uliofuata madaktari wa nchi nyingi waliiga, na wagonjwa wengi walikufa upesi, kwa sababu kushona moyo si kazi ngumu kuliko zote. Ngumu ni kuushawishi mwili uupokee. Kinga ya mwili inauona moyo mpya kama mvamizi na inaushambulia. Ukiizima kinga hiyo, mgonjwa anakufa kwa maambukizi madogo tu. Vituo vingi vikaacha. Mambo yalibadilika pale saiklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa kwenye udongo wa Norwei, ilipoanza kutumika sana mapema miaka ya 1980.

Yacoub alianza wakati ambapo wengi bado walikuwa wanatikisa kichwa. Si wote walipona. Mgonjwa wa kwanza nchini Uingereza kupandikizwa moyo na mapafu kwa pamoja, mwaka 1983, alikuwa mwandishi wa habari kutoka Sweden. Hakufikisha hata wiki mbili. Nikiwa mwandishi wa habari na mimi, hapo niliweka kitabu chini kwa muda. Lakini wengine waliishi mno. John McCafferty, aliyepandikizwa moyo Harefield mwaka 1982, aliambiwa huenda akapata miaka mitano. Alipata miaka 33. Na mwaka 1987 Yacoub alifanya ule upandikizaji unaoitwa wa domino: mgonjwa aliyeharibika mapafu anapewa moyo na mapafu ya marehemu kwa pamoja, kwa kuwa ni rahisi kuvishona vikiwa pamoja, halafu moyo wake mwenyewe, ambao haukuwa na tatizo, anapewa mgonjwa wa tatu. Mtu aliye hai anatoa moyo wake na anaendelea kuishi. Hebu fikiria.

Haya ndiyo mambo ambayo kila mtu anayajua kuhusu Yacoub. Sasa nije kwetu.

Kagerankanda si jina utakaloliona kwenye ramani nyingi. Ni nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kasulu ukielekea Kibondo, ambako watu wanalima mahindi, maharage na mihogo, na ambako kwa miaka mingi wakulima na wahifadhi wamevutana kuhusu mpaka wa msitu uko wapi. Mimi nimesoma, nikaenda mjini, nikapata kazi ya habari. Mtoto wa mama yangu mdogo alibaki. Jina lake silitaji, kwa sababu ugonjwa ni wake.

Akiwa darasa la tatu aliumwa koo. Nani hajaumwa koo? Baada ya wiki mbili tatu magoti yakavimba. Yalipopoa magoti, vikavimba viwiko. Bibi akamkanda kwa maji ya moto, ikapita, watu wakasema ni baridi. Akiwa na miaka kumi na minne akawa hawezi kupanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani bila kupumzika mara nne, yeye ambaye alikuwa anatushinda wote mbio. Usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilimpa dawa ya malaria mara tatu mfululizo. Mpaka daktari mmoja kijana pale Kasulu alipoweka kifaa chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwambia mama mdogo: "Mama, hii si malaria. Huu ni moyo."

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Unaanza kooni, kwa bakteria wa kawaida kabisa aina ya streptokoki. Mtoto asipotibiwa, kinga ya mwili wake inachanganyikiwa: ikiwa inapigana na bakteria, inaanza pia kushambulia viungo na valvu za moyo, kana kwamba valvu nazo ni adui. Koo inapona, magoti yanapona, valvu hazisahau. Zinakakamaa, zinashikana, zinavuja. Huo ndio ugonjwa unaosinyaza valvu za vijana kama yule shangazi wa Bilbeis. Ulaya na Marekani umekuwa nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu takriban milioni 55 wanaishi nao, na karibu wote wako kwenye nchi zenye watu maskini au mitaa yenye watu maskini.

Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na sita, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Valvu yake ilitolewa, akawekewa ya chuma. Alipona. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kumfanya msomaji adhani upasuaji ulikuwa bure. Haukuwa bure. Leo ana miaka 25, ana mume, ana shamba. Ukikaa naye usiku kimya kikatanda, unaisikia valvu: tik, tik, tik. Mtoto wa jirani alimlalia siku moja akauliza, "Shangazi, umemeza saa?"

Lakini valvu ya chuma ina masharti, na masharti yake hayakutungwa na mtu wa Kagerankanda. Damu ikigusa chuma inataka kuganda. Kwa hiyo lazima anywe warfarini kila siku hadi mwisho wa maisha, kuifanya damu iwe nyepesi. Ikizidi, anavuja damu ndani. Ikipungua, bonge la damu linaweza kuziba valvu au kwenda kwenye ubongo. Kuna kipimo cha kuonyesha kama dozi iko sawa, kinaitwa INR, na kwa valvu kama yake namba inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Namba hiyo haitulii. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo inapigana na warfarini. Mvua zikinyesha sombe ipo kila siku, namba inashuka. Kiangazi kikikaza, mboga zinaadimika, namba inapanda. Mgonjwa wa London anaambiwa ale mboga kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mdogo wangu anakula kile ambacho shamba limetoa.

Kipimo chenyewe hakipo kijijini. Kila akienda ni bodaboda mpaka barabarani, gari mpaka mjini, foleni, na mara nyingine mashine haina vitendanishi, anaambiwa arudi. Na kuna jingine zito zaidi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Ukiiacha ili kumnusuru mtoto, valvu ya mama inaweza kuziba. Zipo njia za kubadilisha dawa wakati wa ujauzito, sindano za kila siku chini ya uangalizi wa karibu, lakini hilo neno karibu ndilo tatizo. Yeye na mume wake wanataka mtoto. Hilo ndilo swali lililopo nyumbani kwao, na wala si la kitabuni.

Ndiyo maana nilipofika kwenye tafiti za Yacoub sikuzisoma kama mtu anayesoma habari za sayansi. Nilizisoma kama mtu anayesoma barua ya ndugu.

Jambo moja linajirudia ndani yake: Yacoub hakuwahi kuridhika na kubadilisha. Kupandikiza ni kukiri kwamba umechelewa. Unahitaji mtu mwingine afe, moyo wake ufike ndani ya muda wa takriban saa nne tangu utolewe, na halafu mgonjwa ameze dawa maisha yake yote. Kwa hiyo akaanza kuuliza: je, moyo uliochoka unaweza kupumzishwa ukapona? Katikati ya miaka ya 1990 alimpandikizia mtoto wa kike wa Wales moyo wa pili pembeni ya moyo wake mwenyewe, bila kuutoa ule wa zamani. Miaka kumi baadaye dawa za kuzima kinga zilikuwa zimemletea saratani, na moyo wa kupandikizwa ulikuwa unakataliwa. Lakini moyo wake wa kuzaliwa, uliokuwa umepumzika muda wote huo, ulikuwa umepata nguvu. Mwaka 2006 madaktari wakautoa ule wa kupandikizwa, Yacoub akiwa mshauri wao ingawa alikuwa ameshastaafu. Binti akabaki na moyo wake.

Mwaka huohuo kundi lake lilichapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliokuwa na mioyo iliyochoka kupita kiasi. Walifungiwa pampu ya kuusaidia moyo, wakapewa dawa kwa mpangilio maalumu, na 11 kati yao mioyo ilipata nguvu hadi pampu ikatolewa. Majaribio ya baadaye kwingineko hayakutoa matokeo mazuri kiasi hicho, na ni vizuri kulisema. Lakini tazama swali lenyewe. Mpandikizaji wa moyo anatafuta namna ya kutopandikiza moyo.

Halafu valvu. Mwaka 2010 kundi lake lilichapisha kwenye jarida la The Lancet jaribio la wagonjwa 216 wenye valvu mbovu ya aota, ile inayotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini. Nusu walipewa valvu kutoka kwa marehemu. Nusu walifanyiwa upasuaji uliobuniwa na Donald Ross mwaka 1967: valvu ya mgonjwa mwenyewe, ile ya kuelekea mapafuni, inahamishwa kwenda mahali pa ile iliyoharibika, na kule ilikotoka inawekwa ya marehemu. Baada ya miaka kumi, waliopewa valvu yao wenyewe iliyo hai walikuwa hai asilimia 97. Wale wengine, asilimia 83. Mikono ya upasuaji ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba valvu ya kwanza ilikuwa na uhai: inajirekebisha, inahisi msukumo wa damu, na kwa mtoto inaweza kukua.

Upasuaji huo haumsaidii mdogo wangu, ambaye ugonjwa wake ulikuwa kwenye valvu nyingine, na unahitaji fundi wa hali ya juu sana. Lakini ulithibitisha jambo: uhai wa valvu si pambo. Kutoka hapo swali linajileta lenyewe. Kama valvu hai ni bora, je, tunaweza kuitengeneza? Mwaka 2007 Yacoub na wenzake walitangaza kuwa wamekuza tishu inayofanya kazi kama valvu kwa kutumia seli shina za kwenye uloto. Baadaye wakahamia kwenye wazo rahisi zaidi na gumu zaidi. Wanafuma umbo la valvu kwa nyuzi nyembamba mno za plastiki inayoyeyuka mwilini, wanaliweka, na kuuachia mwili wenyewe ulijaze kwa seli zake. Nyuzi zinayeyuka polepole, inabaki valvu ya nyama, yako mwenyewe. Mpaka sasa kazi kubwa imefanyika kwa kondoo, na seli zimeonekana zikiingia na kutulia humo.

Nilimweleza mdogo wangu nilipokwenda likizo. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Kaka, huyo daktari wako wa Misri, hiyo valvu anaitengenezaje?"

Nikatafuta mfano. Nikamwambia ni kama fito za maharage ya kutambaa. Unachomeka fito, mmea unapanda, baadaye fito zinaoza, mmea unabaki umesimama.

Akanitazama kwa huruma ambayo wakulima huwa nayo kwa watu waliosoma. "Fito zikioza maharage yanaanguka."

"Ndiyo maana wamechukua miaka yote hii," nikasema.

Akacheka, lakini alikuwa ameshika kiini cha tatizo kuliko makala nyingi nilizosoma. Nyuzi zikiyeyuka mapema, valvu inachanika. Zikichelewa, mwili unaziona kama uchafu na kuzijengea kovu. Ufundi wote uko kwenye kasi ya kuoza. Na faida, ikifanikiwa, ni ile aliyoitaja yeye mwenyewe bila mimi kuiuliza: "Sasa hiyo haihitaji warfarini?" Haitarajiwi kuihitaji maisha yote. "Na mtoto wa miaka saba akiwekewa, hatarudi kupasuliwa akikua?" Hilo ndilo lengo. Valvu za nguruwe au ng'ombe zilizopo leo nazo hazihitaji warfarini ya maisha, ila kwa kijana zinachakaa upesi, unarudi mezani kupasuliwa upya. Kwa hiyo daktari wa leo anamwambia msichana wa kijijini: chagua kati ya kipimo cha kila mwezi na kisu cha pili. Valvu inayokua ni jibu kwa swali la mtu anayeishi mbali na hospitali. Ukiisoma ukiwa London unaweza kudhani ni maonyesho ya maabara. Ukiisoma Kagerankanda unaelewa mara moja ni ya nani.

Yacoub alirudi nyuma zaidi ya hapo. Mwaka 1995 alishiriki kuanzisha Chain of Hope, shirika linalopeleka madaktari wa moyo kwenye nchi ambazo watoto wanakufa kwa kukosa upasuaji, Msumbiji na Ethiopia zikiwemo. Kutokana na uhusiano huo na Maputo ulitoka utafiti ninaoupenda kuliko wote. Ana Olga Mocumbi, daktari wa Msumbiji, pamoja na Yacoub na wenzao, walichapisha mwaka 2008 kwenye The New England Journal of Medicine uchunguzi wa watu 1,063 wa Inharrime, wilaya ya vijijini mkoani Inhambane. Walikuwa wanatafuta ugonjwa unaokakamaza utando wa ndani wa moyo, ugonjwa ambao Jack Davies aliueleza akiwa Mulago, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambao mpaka leo chanzo chake hakijathibitishwa. Walibeba mashine ya eko hadi kwa watu, wakapima kila aliyechaguliwa, awe mgonjwa au mzima. Karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa nao. Na kati ya waliokuwa nao, wachache tu, chini ya robo, walikuwa na dalili.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Kama wangekaa hospitalini wakisubiri wagonjwa, wasingewaona zaidi ya robo tatu.

Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Maputo na Ufaransa walikuwa wameonyesha jambo kama hilo kwa ugonjwa wa rumatiki. Waliwapima watoto wa shule 2,170 mjini Maputo. Kwa kusikiliza kifua peke yake walipata watoto 5 wenye ugonjwa. Kwa eko walipata 66. Namfikiria yule daktari kijana wa Kasulu na sikio lake zuri. Alimsikia mdogo wangu kwa sababu alikuwa ameshachelewa kiasi cha kusikika.

Hapa wapo watakaonikatisha. Rafiki yangu mmoja wa chumba cha habari husema kwamba nchi ambayo zahanati inaweza kuishiwa penisilini haina haja na wapandikizaji. Penisilini inatibu koo, na koo ikitibiwa hakuna valvu ya kubadilisha. Ana hoja. Aliyeshapata homa ya rumatiki akichomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, anaweza kuzuia valvu zisiharibike zaidi. Ni sindano ya zamani na ya bei nafuu. Mwingine atasema kinyume: tujenge vituo vikubwa kwanza, mengine yatafuata. Na vimejengwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kujitegemea mwaka 2015, na wengi waliokuwa wakipelekwa India leo wanatibiwa pale. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikisaidiana na wataalamu wa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiana na Wajapani. Mulago nayo ikafanya hivyo mwishoni mwa 2023.

Maisha ya Yacoub yananifanya nikatae kuchagua upande. Mtu aliyejua koo inaishia wapi ni yule aliyeishika mioyo iliyokufa mikononi. Asingeingia kwenye chumba cha upasuaji, asingejua ni nini hasa cha kutafuta kijijini. Na angebaki kwenye chumba hicho tu, angekuwa fundi hodari wa kushona watu waliochelewa. Kilichobaki ni swali la mahali. Ujuzi ukishapatikana, unauweka wapi?

Jibu lake liko Aswan. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunaishi karibu na mgongo wa maji. Mvua ya kwetu inashuka Malagarasi, inaingia Tanganyika, inaelekea Kongo. Lakini vuka vilima kidogo tu, uingie Burundi, maji ya Ruvubu yanakwenda Kagera, yanaingia Ziwa Victoria, yanakuwa Nile. Kabla hayajafika Cairo kwenye fedha na mawaziri, yanapita Aswan, kusini kabisa mwa Misri, kama kilomita 900 kutoka makao makuu. Ni huko, mwaka 2009, Yacoub na wenzake walikofungua kituo cha moyo kinachotibu bila malipo na kufanya utafiti palepale. Angeweza kukijenga Cairo, na wafadhili wangefika kwa gari dakika ishirini tu. Alikiweka kwa watu ambao kila siku walikuwa wakiambiwa waende Cairo. Wataalamu na maabara ndio waliosafiri, siyo mgonjwa.

Sidai kwamba kesho tujenge Aswan Kasulu. Nadai kitu kidogo zaidi: tukipima mafanikio ya madaktari wetu, tusihesabu tu operesheni ya kwanza ya hiki na ya kwanza ya kile, ambazo sisi waandishi wa habari tunakimbilia na kamera. Tuulize pia ujuzi umerudi nyuma hadi wapi. Je, mashine ya INR, ambayo zipo zenye ukubwa wa kutosha mkononi, imefika kwenye kituo cha afya? Je, kuna mtu wilayani anayepima mioyo ya watoto wa shule kabla hawajaanza kulala wameketi? Hizi ni habari zisizo na picha nzuri. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na kidogo, na najua ni ngumu kumshawishi mhariri aziweke ukurasa wa mbele.

Mdogo wangu aliniuliza swali moja la mwisho, maharage yakiwa yamekwisha. "Hiyo valvu ya kukua itafika lini Kasulu?"

Nikamwambia ukweli: bado haijawa dawa ya kawaida hata kwa Mwingereza, na ikifika huenda itakuwa ya watoto wa wakati mwingine, siyo yeye. Alikaa kimya. Nilifikiri nimemvunja moyo. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Basi mimi nimuulize daktari kuhusu zile sindano," akasema. "Za kutumia nikishika mimba. Aniambie ni ngapi, na nikae wapi hiyo miezi."

Wameshaongea na mume wake. Kuna ndugu mwenye chumba Kigoma mjini, karibu na hospitali. Tarehe ya kipimo ni wiki ya pili ya mwezi ujao, na nauli nimeshatuma.